Mafuriko na bima ya nyumba: Mambo ambayo mwenye nyumba Likoni, Kisauni na Changamwe anafaa kufahamu

MVUA kubwa inaponyesha usiku kucha, wakazi wengi wa Mombasa bara huwa hawalali. Vitanda huinuliwa juu ya matofali, magodoro hupandishwa juu ya kabati, nazo stakabadhi muhimu hutiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko na kuwekwa mahali pa juu.

Asubuhi maji yakishapungua, huacha matope sebuleni, kuta zilizolowa na swali moja lisilo na jibu jepesi: Ni nani atakayelipa gharama?

Kwa familia nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe, nyumba ndiyo mali ya pekee yenye thamani kubwa. Imejengwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa mshahara wa bandarini, faida ya biashara, mkopo wa chama cha akiba, au pesa zilizotumwa na jamaa anayefanya kazi katika nchi za Ghuba. Usiku mmoja wa mvua unaweza kurudisha nyuma juhudi za miaka kumi.

Licha ya hayo, ni wachache walio na bima. Ada zote za bima zinazolipwa nchini Kenya kwa mwaka hazifikii asilimia 3 ya pato la taifa, na katika bima zisizo za maisha, sehemu kubwa ni ya magari na matibabu. Bima ya nyumba imebaki nyuma sana, na aghalabu hununuliwa na wale tu waliolazimishwa na benki iliyowakopesha.

Makala haya yanaeleza kwa nini maji hujaa Mombasa bara, jinsi mwenye nyumba anavyoweza kupima hatari inayomkabili, kile ambacho bima hulipia na kile isicholipia, na hatua za kufuata wakati hasara imetokea.

Kwa nini maji hujaa

Mji wa Mombasa umekaa juu ya kisiwa, lakini sehemu kubwa ya eneo la kaunti pamoja na wakazi wake iko bara. Kaskazini kuna Kisauni na Nyali, magharibi kuna Changamwe na Jomvu, na kusini, ng'ambo ya kivuko, kuna Likoni. Kati ya bara na kisiwa hupita mikono ya bahari ya Tudor na Kilindini, huku ule wa Port Reitz ukiingia ndani kati ya Changamwe na Likoni.

Pwani hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Masika huanza mwishoni mwa Machi na kuendelea hadi Juni, na kwa kawaida Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Mvua ya vuli huwa haba, ila katika miaka ya El Nino, au maji ya upande wa magharibi wa Bahari Hindi yanapopata joto kupita kiasi, huweza kupita hata masika kwa ukali.

Aina ya ardhi nayo ina mchango wake. Changamwe na Jomvu zina miteremko, na udongo wake mwingi ni wa mfinyanzi usiopitisha maji upesi. Mvua inaponyesha, maji huteremka kwa kasi na kukusanyika mabondeni, ambako ndiko watu wengi wa kipato cha chini wamejenga. Hatari hapa ni maji yanayopita kwa nguvu, kung'oa udongo na kudhoofisha misingi.

Kisauni na Likoni zina maeneo mengi tambarare, yenye mchanga juu ya miamba ya matumbawe. Mchanga hunywa maji haraka mwanzoni. Hata hivyo, mvua ikiendelea kwa siku kadhaa, maji ya chini ya ardhi hupanda hadi karibu na uso, visima hujaa na mashimo ya vyoo hufurika. Hatari hapa ni maji yanayosimama kwa siku nyingi, yakiwa yamechanganyika na maji taka.

Kisha kuna bahari. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3 katika bandari ya Mombasa. Mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imejaa, midomo ya mitaro inayoelekea kwenye mikono ya bahari hufunikwa, na maji ya mvua hukosa pa kutokea hadi bahari ipwe. Ndiyo maana mtaa unaweza kufurika leo kwa mvua ambayo wiki iliyopita, wakati wa maji mafu, haikuleta madhara yoyote.

Sababu ya mwisho ni kazi ya mikono ya binadamu. Paa lenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 10 hukusanya lita 10,000 za maji kwa kila milimita 100 za mvua. Zamani maji hayo yangezama katika shamba la minazi au mikorosho. Leo minazi imekatwa, nyumba zimebanana, nyua zimemwagwa saruji na mitaro michache iliyopo imezibwa na taka. Barabara mpya iliyoinuliwa inaweza kuwakinga walio upande mmoja na kuwazamisha walio upande wa pili.

Historia inayojirudia

Mafuriko si jambo geni Mombasa. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliharibu barabara, madaraja na makazi Pwani na kukatiza usafiri katika barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi. Oktoba 2006 mafuriko mengine yaliathiri maelfu ya watu mjini Mombasa na maeneo jirani. Mei 2017, zaidi ya milimita 200 za mvua zilinyesha kwa muda wa saa 24.

Novemba 2023, vuli iliyochochewa na El Nino iliingiza maji katika nyumba na kukata barabara katika mitaa kadhaa ya Mombasa, huku zaidi ya watu 100 wakifariki katika sehemu mbalimbali za nchi katika msimu huo. Miezi michache baadaye, masika ya 2024 yalisababisha vifo vya zaidi ya watu 200 kote nchini. Mapema Mei mwaka huo, Kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu katika kisiwa cha Mafia, Tanzania. Kilikuwa kimepungua nguvu, lakini kiliwakumbusha wakazi wa mwambao wote kwamba vimbunga si jambo la Msumbiji na Madagascar pekee.

Siku zijazo zinatia wasiwasi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulikadiria kwamba bahari ikipanda kwa mita 0.3 tu, takriban asilimia 17 ya eneo la Mombasa, yaani hekta 4,600, linaweza kufunikwa na maji.

Jinsi ya kupima hatari ya nyumba

Si kila nyumba katika mtaa mmoja inakabiliwa na hatari sawa. Kabla ya kununua kiwanja, kujenga au kutafuta bima, ni vyema mwenye nyumba atafute majibu ya maswali yafuatayo.

Kwanza, maji yalifika wapi mwaka wa 1997, 2006, 2017 na 2023? Wazee wa mtaa na majirani wa muda mrefu ndio rejista bora kuliko zote. Alama za maji kwenye kuta za zamani pia hueleza mengi ambayo muuzaji wa kiwanja hatayasema.

Pili, sakafu iko juu au chini ya usawa wa barabara? Nyumba nyingi za zamani zilijengwa barabara ikiwa chini. Kila barabara inapotiwa kifusi na lami mpya, huinuka, na hatimaye nyumba hubaki kama bakuli.

Tatu, maji ya mtaa hupita wapi? Kiwanja kilichouzwa kwa bei nafuu wakati wa kiangazi huenda ni mkondo wa maji wakati wa masika. Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinakataza ujenzi katika ukingo wa mto kwa upana wa kati ya mita 6 na mita 30, kwa kuzingatia kiwango cha juu zaidi ambacho mafuriko yamewahi kufika.

Nne, shimo la choo liko umbali gani kutoka kwenye nyumba na kisima, na je, mfuniko wake uko juu ya usawa ambao maji hufika? Sehemu kubwa ya wakazi wa Kisauni na Likoni hawajaunganishwa na mabomba ya maji taka, hivyo mafuriko huja na hatari ya kipindupindu na homa ya matumbo.

Tano, kuta zimejengwa kwa nini? Ukuta wa udongo na fito huyeyuka. Ukuta wa mawe ya matumbawe au matofali ya saruji hustahimili, lakini hufyonza maji ya chumvi ambayo huendelea kubambua lipu na kuozesha vyuma kwa miezi mingi baada ya mafuriko.

Bima ya nyumba hulipia nini

Nchini Kenya hakuna mpango wa serikali wa bima ya mafuriko kwa wenye nyumba. Marekani ilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka wa 1968, na Uingereza ikabuni utaratibu wa pamoja kati ya serikali na kampuni za bima mwaka wa 2016, ili nyumba zilizo katika maeneo hatari zipate bima kwa bei inayovumilika. Mkenya hutegemea mkataba baina yake na kampuni ya kibinafsi. Kwa sababu hiyo, kila neno lililo katika mkataba huo lina uzito.

Bima inayouzwa sana huwa ni mkataba mmoja wenye sehemu kadhaa. Sehemu ya kwanza ni ya jengo lenyewe: kuta, paa, sakafu, milango na vitu vilivyofungwa humo kwa kudumu. Ya pili ni ya vyombo vya ndani kama samani, nguo, jokofu na runinga. Ya tatu ni ya vitu vya thamani vinavyobebwa nje ya nyumba, kwa mfano kipakatalishi. Sehemu nyingine huhusu wafanyakazi wa nyumbani na madhara ambayo mwenye nyumba anaweza kuwajibikia mbele ya sheria.

Mwenye nyumba anaweza kuchagua sehemu anazozihitaji. Aliyekata bima ya jengo pekee asitarajie kulipwa kochi lililooza, na aliyekata ya vyombo pekee asitarajie kulipwa ukuta ulioanguka.

Majanga yanayotajwa kwa kawaida ni moto, radi, mlipuko, wizi wa kuvunja nyumba, kupasuka kwa mabomba, tetemeko la ardhi, dhoruba na mafuriko. Hata hivyo, haitoshi kuambiwa na wakala kwamba "kila kitu kimo". Neno mafuriko lazima lionekane katika orodha ya majanga yaliyokubaliwa, na lisionekane tena katika orodha ya yaliyokataliwa.

Yasiyolipiwa

Mizozo mingi huzuka hapa. Maji yaliyoingia ghafla kutoka nje baada ya mvua kubwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa mafuriko. Maji yanayopanda polepole kutoka chini ya sakafu, unyevu unaotambaa ukutani kwa miezi mingi, paa lililokuwa likivuja kabla ya mvua na uchakavu wa kawaida ni mambo ambayo mikataba mingi huyakataa.

Ardhi kudidimia au kuporomoka mara nyingi huwa jambo tofauti na mafuriko, nalo huhitaji kuongezwa katika mkataba. Mwenye nyumba katika miteremko ya Changamwe au Mikindani anapaswa kuuliza swali hili waziwazi, kwa sababu huko maji na udongo huteremka pamoja.

Ua, malango na kuta za nje pia huweza kuachwa nje ya kinga ya dhoruba na mafuriko. Hali kadhalika, nyumba iliyoachwa bila mtu kwa muda uliotajwa katika mkataba, mara nyingi siku 30, inaweza kupoteza baadhi ya kinga zake. Jambo hili linawahusu hasa waliojenga Mombasa ilhali wao wenyewe wanaishi Nairobi au ng'ambo.

Mikataba ya kawaida huitaka nyumba iwe imejengwa kwa mawe, matofali au zege, na kuezekwa kwa vigae, mabati au zege. Nyumba ya udongo, mbao au makuti huweza kukataliwa au kutozwa ada ya juu. Mwenye nyumba akificha ukweli huu, au akificha kwamba nyumba imewahi kufurika, kampuni inaweza kukataa kulipa hata kama ada imelipwa miaka yote.

Zaidi ya hayo, kila mkataba huwa na kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Kwa mafuriko, kiasi hicho kinaweza kuwa kikubwa kuliko kwa majanga mengine.

Ada na kosa la kushusha thamani

Ada hukokotolewa kwa kuzingatia thamani ya mali. Tuseme, kwa mfano tu, kampuni inatoza Sh2.50 kwa kila Sh1,000 za thamani ya jengo. Nyumba ya Sh4 milioni italipiwa Sh10,000 kwa mwaka. Juu yake huongezwa ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, mchango wa hazina ya kuwafidia wenye bima wa asilimia 0.25 na ushuru wa stempu wa Sh40. Jumla ni Sh10,085.

Thamani inayotakiwa ni gharama ya kuijenga nyumba upya, wala si bei ya kuiuza pamoja na kiwanja. Kiwanja hakichukuliwi na maji. Nyumba iliyo karibu na ufuo wa Bamburi inaweza kuuzwa kwa bei kubwa kwa sababu ya ardhi, lakini bima yake ihesabu mawe, saruji, mbao, mabati na kazi ya fundi.

Wengi hushusha thamani ili walipe ada ndogo. Hilo ni kosa linalogharimu. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: aliyekata bima ya nusu ya thamani huhesabiwa kuwa amekubali kubeba nusu ya kila hasara.

Chukua nyumba inayohitaji Sh4 milioni kujengwa upya, lakini mwenyewe ameikatia bima ya Sh2 milioni. Mafuriko yanaharibu sakafu, milango na nyaya za umeme, hasara ya Sh600,000. Ingawa kiasi hicho kiko chini kabisa ya Sh2 milioni, kampuni italipa Sh300,000. Ikiwa kiasi anachojibebea mwenyewe ni Sh15,000, atapokea Sh285,000. Zilizobaki, Sh315,000, atazitafuta mwenyewe.

Kwa kuwa bei ya vifaa vya ujenzi hupanda, thamani inapaswa kukaguliwa kila mwaka mkataba unapohuishwa.

Suala la nyumba bila ardhi

Mombasa ina jambo ambalo ni nadra kupatikana katika miji mingine ya Kenya. Maelfu ya watu wanamiliki nyumba lakini hawamiliki ardhi iliyo chini yake. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba, kisha hukaa au kupangisha vyumba. Mtindo huu, unaojulikana kama nyumba bila ardhi, una mizizi katika historia ya umiliki wa ardhi Pwani, ikiwemo sheria ya 1908 ya hatimiliki ambayo iliwaacha wakazi wengi bila hati.

Wapo pia walioishi kwa miaka mingi kama maskwota. Baadhi yao wamepata suluhu, kama wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni ambao serikali ilianza kuwapa hatimiliki mwaka wa 2016. Wengine bado wanasubiri.

Je, mtu asiye na hatimiliki anaweza kukata bima ya nyumba? Kanuni ya msingi ya bima ni kwamba mtu lazima awe na maslahi katika mali husika, yaani awe ni yeye atakayepata hasara mali hiyo ikiharibika. Aliyejenga nyumba kwa pesa zake kwa idhini ya mwenye ardhi ana maslahi hayo katika jengo, ijapokuwa hana katika ardhi.

Ugumu uko katika uthibitisho. Kampuni itataka kuona ushahidi, na kila moja ina msimamo wake. Mwenye nyumba bila ardhi anashauriwa kuweka pamoja mkataba wake na mwenye shamba, risiti za kodi ya ardhi, makubaliano ya kununua nyumba kama aliinunua, idhini ya ujenzi kutoka kwa kaunti iwapo ipo, na bili za maji na umeme. Aieleze kampuni hali halisi kwa maandishi kabla ya kulipa, na adai jibu la maandishi. Fidia inayokataliwa baada ya mafuriko kwa sababu ya hati ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwa maskwota waliojenga bila idhini ya mwenye ardhi, au waliojenga juu ya mkondo wa maji, uwezekano wa kupata bima ya jengo ni mdogo. Wanaweza kuangalia bima ya vyombo vya ndani.

Mpangaji asisahaulike

Wakazi wengi wa Mombasa bara ni wapangaji. Bima ya mwenye nyumba haigusi mali ya mpangaji hata kidogo. Maji yakiharibu godoro, cherehani au jokofu la mpangaji, mwenye nyumba anaweza kulipwa ukuta wake na mpangaji akabaki mikono mitupu.

Mpangaji anaweza kukata bima ya vyombo vyake bila kuhitaji hati ya nyumba. Anachotakiwa ni kuorodhesha mali yake kwa ukweli na kuhifadhi risiti. Anayefanyia biashara nyumbani, kama fundi cherehani au mwuzaji nguo, aulize kwanza, kwa maana bidhaa za biashara mara nyingi hazimo katika bima ya nyumba.

Takaful na bima ndogo

Baadhi ya Waislamu wameepuka bima ya kawaida kwa hofu ya riba na kamari. Tangu mwaka wa 2011 Kenya imekuwa na kampuni iliyopewa leseni ya kutoa bima inayofuata misingi ya Kiislamu, yaani takaful. Katika utaratibu huu, washiriki huchangia hazina moja kwa nia ya kusaidiana, kampuni huisimamia kwa ujira, na pesa huwekezwa katika mambo ya halali. Kikibaki ziada, huweza kugawiwa washiriki.

Kwa wenye kipato kidogo, kanuni za bima ndogo zilizotolewa mwaka wa 2020 zilifungua njia kwa mikataba ya kiasi kidogo cha pesa, yenye masharti machache na lugha nyepesi. Vyama vya akina mama, vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya vijana vinaweza kujadiliana na kampuni kwa pamoja na kupata masharti ambayo mtu mmoja hawezi kuyapata.

Kabla ya kulipa

Mwenye nyumba ahakikishe kwamba kampuni na wakala wana leseni. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, huchapisha orodha ya walio na leseni kila mwaka.

Sheria ya Bima, katika kifungu cha 156, inakataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Ahadi ya wakala kwamba "utalipa mwisho wa mwezi" si bima. Adai risiti na nakala ya mkataba mzima, wala asitosheke na karatasi moja ya muhtasari.

Bima ikatwe wakati wa kiangazi. Atakayekwenda kuitafuta wakati Idara ya Hali ya Hewa imekwisha kutangaza mvua kubwa, au maji yakiwa mlangoni, huenda akakataliwa au akawekewa masharti magumu.

Mafuriko yakitokea

Maisha kwanza. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu ikiwa inaweza kufikiwa bila kukanyaga maji. Maji yanayokwenda kwa kasi, hata yakiwa ya kina cha sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yanaweza kusukuma gari dogo.

Hasara ikishatokea, hatua hizi zifuatwe:

1. Kampuni au wakala aarifiwe mara moja, kwa simu kisha kwa maandishi. Mikataba huweka muda wa kutoa taarifa, na kuchelewa kunaweza kuwa sababu ya kukataliwa.

2. Picha zipigwe kabla ya kusafisha: kina cha maji ukutani, kila chumba, kila chombo kilichoharibika, na barabara ya nje ili ionekane kwamba mtaa mzima ulifurika.

3. Mwenye nyumba azuie hasara isiongezeke. Vyombo vilivyo salama vihamishwe, paa lifunikwe kwa turubai. Gharama hizo ziwekewe risiti.

4. Vilivyoharibika visitupwe hadi mkaguzi wa kampuni avione. Vikiwa hatari kwa afya, vipigwe picha na kuorodheshwa kwanza.

5. Fundi aandike makadirio ya ukarabati. Kazi kubwa isianze kabla ya idhini ya kampuni.

Mkaguzi wa hasara hulipwa na kampuni, ingawa anatarajiwa kutoa ripoti ya haki. Mwenye nyumba ana haki ya kupinga makadirio yake na kuleta ya fundi au mthamini mwingine.

Sheria ya Bima imeweka muda wa siku 90 wa kushughulikia na kulipa dai. Kampuni ikikawia au ikikataa bila sababu ya kuridhisha, malalamishi yanaweza kupelekwa kwa IRA bila malipo, kisha mahakamani ikibidi. Iwapo kampuni yenyewe itaanguka, iko hazina ya kuwafidia wenye bima, lakini hazina hiyo hulipa kwa kiwango kilichowekewa ukomo.

Bima haizuii maji

Bima hulipa pesa. Haiinui sakafu wala haizibui mtaro. Kwa nyumba zisizokubaliwa na kampuni yoyote, kinga ndiyo bima ya pekee iliyopo.

Kuna mambo ya gharama ndogo yanayosaidia: kuinua kizingiti cha mlango, kupandisha soketi za umeme juu ya kiwango ambacho maji yamewahi kufika, kuvuna maji ya paa katika tangi, kuacha sehemu ya ua bila saruji, na kuinua mfuniko wa shimo la choo. Hati za nyumba, vyeti vya shule na vitambulisho vitolewe nakala na kuhifadhiwa kwa jamaa anayeishi mahali pa juu.

Yapo pia yasiyoweza kufanywa na mtu mmoja. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti jukumu la mifumo ya kuondoa maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, pamoja na kudhibiti majanga. Wakazi wana haki ya kudai mitaro katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, na kuuliza ilikofikia ile iliyotengewa fedha mwaka uliotangulia.

Mtaro mmoja uliochimbwa na kusafishwa kabla ya masika unaweza kukinga nyumba mia moja, zenye bima na zisizo nayo. Jirani anayetupa taka mtaroni huwatia hasarani wote walio chini yake, na anayejenga juu ya mkondo huyaelekeza maji kwa mwenzake.

Kwa mwenye nyumba wa Mtongwe, Mishomoroni au Chaani, basi, kazi ni tatu. Ajue maji hupita wapi, aisome hati ya bima hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kutia sahihi, na aungane na majirani kuondoa kile kinachoziba njia ya maji. Zote tatu hufanyika wakati jua linawaka, kwa kuwa mvua ikishaanza huwa hakuna nafasi ya kusoma wala kuchimba.